Karani Aliyeusoma Mkataba wa Waya

Mkataba wa televisheni ya waya wa mji wetu wa Varnick ulikuwa na kurasa arobaini na moja. Madiwani saba waliupitisha mwaka 1981 kwa kunyoosha mikono, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameusoma. Nalijua hilo kwa sababu mwaka uleule niliajiriwa na kampuni iliyopewa kibali, Ridgelight, nikapanda nguzo zao miaka kumi na mitatu, na katika muda wote huo sikukutana na diwani aliyejua humo mmeandikwa nini. Aliyekuja kuusoma alikuwa karani wao, Leona Dudash, mwanamke ambaye wao walimwona ni wa kupiga taipu na kuchemsha kahawa.

Leona alizaliwa mwaka 1931, Mtaa wa Juu, binti wa mchimba makaa ya mawe kama sisi sote tulivyokuwa watoto wa wachimba makaa. Akiwa na miaka kumi na saba aliingia kiwanda cha mashati pale chini mtoni. Kazi yake ilikuwa kukagua kola. Kwa miaka ishirini na tisa alikaa chini ya taa, kola zinampita mbele, naye anatafuta mshono uliokwenda kombo. Kiwanda kilipohamishiwa kusini, ambako watu walikubali ujira mdogo zaidi, alijifunza kupiga taipu kanisani, akaomba ukarani wa halmashauri. Walimpa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Mume wake aliitwa Metro. Mgodi ulimrudisha nyumbani na mapafu yaliyojaa vumbi jeusi, na kufikia mwaka 1990 alikuwa hawezi kupanda ngazi tano bila kukaa. Kutwa alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, mtungi wa hewa ubavuni, televisheni mbele yake. Kwa mtu wa namna hiyo televisheni haikuwa anasa. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka nje.

Na Varnick bila waya hakuna picha. Mji umelala kwenye bonde jembamba kati ya milima miwili, mawimbi yanapita juu yetu kama ndege wanaohama. Zamani, mwaka 1952, mwenye duka la redio alipandisha antena kileleni, akateremsha waya mpaka mjini, na Metro akiwa kijana mwenye mapafu mazima alikuwa kati ya wale waliobeba nguzo mabegani. Ilikuwa kazi ya mikono yetu. Kisha mwenye duka akafa, watoto wake wakauza, aliyenunua naye akauza, hadi waya wetu ukaangukia mikononi mwa Ridgelight, kampuni yenye makao kwenye mji ambao hakuna mtu wa Varnick aliyewahi kufika.

Ridgelight walikuwa hodari wa kutoza. Kutengeneza hawakujua. Waya unapokwenda mbali, nguvu hupungua, kwa hiyo kila baada ya nguzo kadhaa hufungwa kisanduku cha kuongezea nguvu. Visanduku vya Mtaa wa Juu vilikuwa vimeoza. Maji yalikuwa yanaingia, kutu inakula, na mvua ikinyesha nyumba sitini zilikuwa zinatazama chenga, zile nukta nyeupe kama theluji. Niliomba vipya mara sita kwa maandishi. Bosi wangu wa mkoa alinijibu kwa simu, kwa sentensi moja:

"Emil, waambie tatizo ni televisheni zao."

Nami nikawaambia. Mimi, mtoto wa mtaa huohuo, niliingia majumbani mwa watu walioniona nikikua, nikagonga gonga televisheni zao kwa bisibisi, nikatikisa kichwa kama daktari. Metro aliniamini. Majira ya joto ya mwaka 1990 alinunua televisheni mpya, kubwa, ya mbao za rangi ya asali. Walipoiwasha, chenga zilezile, ila sasa kubwa zaidi.

Leona alinikuta uani kwangu nikiosha gari.

"Emil, na hii mpya nayo ni mbovu?"

Nikaendelea kusugua boneti.

"Nimekuuliza, wewe mtoto wa Olga."

"Bi Leona, nimeagizwa niseme hivyo."

"Nani kakuagiza?"

"Wakubwa."

"Na ukiagizwa uruke kutoka kwenye nguzo?"

Alinitazama kama alivyokuwa anatazama kola iliyoshonwa upande. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akaniuliza jambo moja tu: kampuni iliahidi nini ilipopewa kibali? Nikamwambia sijui, mkataba uko kwao halmashauri, waulizane wenyewe.

Aliukuta kwenye kabati la chini, chini ya boksi la taa za Krismasi. Alichukua jioni tatu kuusoma, akiwa na rula na penseli nyekundu, huku sufuria ya halupki, zile kabichi za kufungia nyama na wali, ikichemka polepole. Alichokikuta kilimfanya acheke peke yake, akaniambia baadaye. Kampuni ilikuwa imeahidi kurekebisha hitilafu yoyote ndani ya saa ishirini na nne. Ilikuwa imeahidi kufungua ofisi ndani ya mji, yenye mtu na simu. Ilikuwa imeahidi kuutengea mji chaneli yake wenyewe, pamoja na kamera mbili na chumba cha kurekodia shuleni, ili watu waone mambo ya mji wao. Miaka tisa ilikuwa imepita. Ofisi haikuwepo. Kamera hatukuziona. Saa ishirini na nne za Ridgelight zilikuwa ndefu kuliko Kwaresima.

Kikao cha halmashauri kilikuwa Jumanne ya pili ya kila mwezi, orofa ya juu ya kituo cha zimamoto. Mwenyekiti alikuwa Regis Tomko, mwenye nyumba ya maziko, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyezoea kuongea na watu wasiomjibu. Leona alipoeleza alichokisoma, Regis alitabasamu.

"Bi Leona, kwangu picha inakuja safi kabisa."

Ilikuwa kweli. Kwake picha ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, kwa sababu mimi mwenyewe nilimfungia waya mpya kutoka nguzo kuu, pamoja na madiwani wenzake sita, bure, kwa maagizo ya kampuni. Kwenye fomu niliandika "majaribio ya ubora." Majaribio yale yalidumu miaka kumi na mitatu. Mtu akila sahani ya bure hawezi kusema chumvi imezidi.

Wakili wa halmashauri, Hadley Strunk, alikuwa na wimbo wake mmoja. Akiulizwa lolote kuhusu waya, alikuwa anavua miwani na kusema: "Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 imetufunga mikono." Wakipandisha bei: imetufunga mikono. Picha ikikatika: imetufunga mikono. Ungedhani Bunge la Washington lilikaa mahsusi kuufunga kamba mji wa watu elfu mbili na mia tatu.

"Kifungu gani, Wakili?" aliuliza Leona.

"Ni sheria ndefu, Bi Leona."

"Najua ni ndefu. Nauliza kifungu."

Strunk akavaa miwani yake tena. Madiwani wakaangua kicheko, na wala hawakuwa wanamcheka Strunk.

Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi asubuhi Leona alimwachia wifi yake kazi ya kumwangalia Metro, akawasha gari lao kuukuu na kwenda maktaba ya mahakama ya kaunti. Mtunza maktaba alimwuliza kama yeye ni mwanasheria. Akamjibu yeye ni mkaguzi wa kola. Alinakili sheria ile kwa mkono, kifungu kwa kifungu, kwenye madaftari ya shule, na alipomaliza alijua mambo mawili ambayo Strunk, kwa miaka yote aliyolipwa, hakuyajua au hakutaka kuyasema.

La kwanza, Strunk alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo aliyojifichia. Kwa mji kama wetu, bei kweli ilikuwa imetolewa mikononi mwa halmashauri. Lakini kibali kina mwisho wake. Chetu kilikuwa kinaisha mwaka 1996, na kampuni ikiomba kuongezewa muda, mji unaweza kuikatalia kama haikutimiza ilichoahidi.

La pili ndilo lililomfanya aache penseli. Sheria ilisema mji hauwezi kulitumia kosa la kampuni kuinyima kibali kama haukuwahi kuiarifu juu ya kosa hilo na kuipa nafasi ya kulirekebisha. Ukinyamaza, umeridhika. Watu wa Mtaa wa Juu walikuwa wamelalamika miaka tisa, kwa simu zisizopokelewa, kwangu mimi mlangoni, na kwa Mungu. Halmashauri yenyewe haikuwahi kuandika hata mstari mmoja.

"Unaona, Emil?" aliniambia, akinionyesha daftari akiwa upande wa pili wa ua wangu. "Kimya chetu wanakiweka akiba. Siku ya siku watatusomea."

Aprili 1991 aliomba kikao kimruhusu kuiandikia kampuni. Regis alikuwa na haraka, siku hiyo alikuwa na maiti wawili. Akapunga mkono.

"Kama malalamiko yanakuwasha hivyo, mama, waandikie wewe. Waandikie kila siku ukitaka. Haya, ajenda inayofuata."

Leona akaandika kwenye muhtasari, kwa lugha ya kiofisi: imeazimiwa kwamba karani aiandikie kampuni, kwa niaba ya halmashauri, kila panapotokea lalamiko, hadi halmashauri itakapoamua vinginevyo. Mwezi uliofuata muhtasari ukagawiwa. Kama kawaida yao, waheshimiwa waliutumia kuwekea vikombe vya kahawa. Mikono saba ikanyooka. Regis akatia saini yake kubwa yenye mkia.

Basi akaanza. Kila nyumba iliyopata chenga, jina la mwenye nyumba, tarehe, saa, ukurasa wa mkataba uliovunjwa, na siku thelathini za kurekebisha. Kila barua kwa rejista, na kila moja ikirudishiwa ile kadi ya kijani ya posta yenye saini ya aliyeipokea. Hakuna barua iliyojibiwa. Sidhani kama kuna iliyosomwa. Huko makao makuu palikuwa na msichana wa mapokezi aliyesaini kadi zote kwa wino wa zambarau, akichora kiduara juu ya herufi ya jina lake, halafu barua zinaingia pipa gani sijui.

Mwaka 1992 Washington nao walichoka na kelele za nchi nzima, wakatunga sheria nyingine, na baada yake zikaja kanuni zilizosema kampuni za waya zipokee simu ndani ya nusu dakika. Siku tuliyoyasoma hayo gazetini, Metro alicheka hadi wifi wa Leona akakimbilia mtungi. Alikuwa amesubiri Ridgelight kwenye simu tangu asubuhi ya siku hiyo, mkono wa simu umelala juu ya mto, muziki wa piano unalia.

Nilikuwa naenda kumwona Jumapili, baada ya misa, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Tulikuwa tunakaa tukitazama mpira. Januari ya 1994, nje theluji imefika dirishani, mchezo umebaki dakika nne, picha ikapotea, zikabaki chenga. Metro alivuta pumzi mara tatu ndipo akaweza kusema.

"Emil. Theluji ya nje haikutosha, mmeniletea na ya ndani?"

"Mzee Metro, nisamehe."

"Nani kashinda?"

"Sijui."

"Kachungulie kwa Tomko."

Nilidhani anatania. Kumbe alitaka kujua kweli. Niliteremka barabara yote ile kwenye theluji, nikasimama nje ya dirisha la mwenyekiti wa halmashauri, nikaona matokeo kwenye televisheni yake safi, nikapanda tena kumwambia. Alifurahi. Alikufa tarehe kumi na moja Februari, mchana, kwenye kiti chake.

Regis ndiye aliyemzika, hapakuwa na mwingine mjini. Pale makaburini, akiwa na koti lake jeusi la kazi, alimshika Leona mkono, akamnong'oneza. Nilikuwa karibu, nimeshika kamba ya jeneza, nikasikia kila neno.

"Pole sana, Bi Leona. Muhtasari wa Jumanne utakuwa tayari?"

"Utakuwa tayari," alisema Leona.

Na ulikuwa tayari.

Mei mwaka huohuo ukaitishwa mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa zimamoto, maana kampuni ilikuwa imeomba kuongezewa kibali na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Ridgelight walimleta makamu wa rais mmoja, Grayson Pruett, kijana wa viatu vyenye kung'aa, aliyekuja na kofia mia mbili za bure na donati. Alianza kwa kutushukuru sisi, watu wazuri wa Warwick.

"Varnick!" walipiga kelele watu kumi.

"Naam, Varnick," alisema, na donati zikaendelea kupitishwa.

Alizungumza nusu saa kuhusu mustakabali. Kisha akafika pale Leona alipokuwa anamngojea kwa miaka mitatu. Alisema kwa upole kwamba huenda kulikuwa na mapungufu madogo, ila katika miaka kumi na mitatu halmashauri haikuwahi kuiarifu kampuni juu ya lolote, na kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, asiyearifu ameridhika. Strunk akatikisa kichwa kukubali, kama mbuzi aliyeonyeshwa majani.

Leona akasimama kwenye meza yake ndogo ya pembeni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusema."

"Karani haongei kikaoni, Bi Leona. Andika tu."

"Mwache aongee!" Alikuwa wifi yake, kutoka nyuma. "Au unaogopa mwanamke, wewe mzika watu?"

Ukumbi ukachangamka. Regis akafuta jasho. Leona hakungoja ruhusa. Alipanga kadi za kijani mezani, safu kwa safu, kama mtu anayecheza karata peke yake. Mia mbili na kumi na mbili. Akasoma ya kwanza: tarehe, nyumba, ukurasa. Akasoma ya pili. Akasoma ya tatu. Alipofika ya ishirini Pruett akamkatiza.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hizi ni barua za mtu binafsi. Wewe si halmashauri."

"Ni kweli, mimi si halmashauri," alisema Leona. "Mwenyekiti, tusomee azimio la Aprili tarehe tisa, mwaka 1991. Liko mbele yako. Nimeliwekea alama."

Regis alisoma kimyakimya kwanza. Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Kwa sauti, Regis!" watu wakapiga kelele.

Akasoma kwa sauti. Halafu akauliza, na haya ndiyo maneno ambayo Varnick watamkumbuka nayo hata akishajizika mwenyewe: "Nani aliandika upuuzi huu?"

"Mimi niliandika ulichosema," Leona akamjibu. "Mlioupitisha ni ninyi. Na hiyo saini yenye mkia ni ya nani?"

Kicheko kilichopigwa sijakisikia tena ukumbini mle. Pruett alikuwa mwepesi, hilo nampa. Aligeuza upepo papo hapo, akasema barua si ushahidi wa kosa, mafundi wa kampuni walikuwa wamethibitisha mara kwa mara kwamba tatizo lilikuwa kwenye televisheni za wateja wenyewe.

Fundi wa Varnick alikuwa mmoja. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nimevaa shati lenye jina la kampuni kifuani. Ningependa kusema niliruka nikaongea kishujaa. Sikufanya hivyo. Nilitazama viatu vyangu mpaka Leona alipogeuka na kuniangalia. Ndipo nikaongea, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Si televisheni zao. Ni visanduku vyetu. Nimeomba vipya mara sita, nakala ninazo. Niliambiwa niwadanganye, nikawadanganya. Metro Dudash alinunua televisheni mpya kwa uongo wangu." Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuharibu, nikaongeza: "Na madiwani wote saba wana waya wa bure. Nimewafungia mimi."

Hapo ndipo kikao kilipovunjika. Mtu alimrushia Strunk donati. Nilifukuzwa kazi kesho yake, saa mbili asubuhi, kwa simu, na simu hiyo waliipiga bila kunichelewesha hata kidogo.

Ungefikiri baada ya hapo mji ungeikatalia kampuni. Leona alitaka hivyo. Alikuwa ameandaa taarifa, kurasa kumi na nane, ya kuonyesha kwamba sababu za kisheria zimetimia, na kwamba hatua inayofuata ni kesi ya kiutawala ambako kampuni ingelazimika kujibu kadi kwa kadi. Ridgelight waliiogopa kesi hiyo kuliko moto, maana miji mingine ya bonde ingejifunza. Wakaomba maelewano. Na madiwani, kwa kuwa walishaona aibu na walitaka tu iishe, walishika kalamu kabla Pruett hajamaliza sentensi.

"Msisaini," Leona aliwaambia. "Mmewashika pabaya. Msiwaachie."

"Bi Leona, tumeshinda," alisema Regis, akiwa tayari ameanza kusema "tumeshinda."

Wakasaini, miaka kumi mingine. Sitakataa kwamba yalipatikana mambo. Waya wa Mtaa wa Juu ulibadilishwa wote. Ofisi ilifunguliwa karibu na posta, Jumanne na Alhamisi. Chaneli ya mji ikaanza, na kamera mbili zikaletwa shuleni. Regis alikata utepe, akapigwa picha gazetini, na chini ya picha pakaandikwa kwamba alipigania haki za watazamaji kwa miaka mingi. Jina la Leona halikuwemo. Yeye ndiye aliyeshika mkasi mpaka ulipohitajika.

Septemba ya mwaka 1995 mafundi wageni walimaliza kazi mtaani kwetu. Wakati huo mimi nilikuwa nafungia watu umeme kaunti ya jirani. Nilipita kwa Leona jioni. Aliwasha ile televisheni ya mbao za rangi ya asali, na picha ikaja safi, unaona hata mishono ya nguo za watangazaji. Tulisimama wawili tukiitazama. Sikumbuki kilichokuwa kinaonyeshwa. Aliitazama kama dakika moja, akaizima, akaenda jikoni.

"Umekula?" aliniuliza kutoka huko.

Sikuwa nimekula. Tulikula pierogi, zile kama sambusa za kuchemsha, za viazi na vitunguu.

Chaneli ya mji haikuwa na cha kuonyesha. Hatukuwa na waigizaji wala waimbaji, na mkataba haukusema vitatoka wapi. Leona akapendekeza waonyeshe vikao vya halmashauri, na madiwani, waliopenda sana sura zao, wakakubali kwa furaha. Nadhani hakuna kilichowahi kuwamaliza kama hicho. Kwa mara ya kwanza mji mzima uliwaona wakiwa kazini: diwani wa fedha amelala mdomo wazi, mwingine anakata kucha, Regis anapitisha azimio kisha anauliza lilihusu nini. Watu walikuwa wanapigiana simu kuambiana wawashe televisheni. Kazini kwangu kulikuwa na mtu wa Varnick aliyependa kikao kuliko mpira. Uchaguzi wa Novemba uliwaondoa wanne, Regis akiwa wa kwanza. Strunk naye akapata kazi ya ushauri. Nadhani mnaweza kukisia ni kampuni gani iliyompa.

Ushindi wenyewe haukukaa sana. Mwaka 1999 Ridgelight ilimezwa na kampuni kubwa zaidi, na wakubwa wapya jambo la kwanza walilofanya ni kufunga ofisi yetu na kuondoa hata kiti. Simu sasa inapokewa haraka, sheria imefuatwa. Inapokewa na mashine.

Leona alistaafu mwaka uliotangulia huo. Mji ulimpa ngao ya mbao yenye bamba la shaba, na kwenye bamba waliandika "Leona Dubash." Aliipokea, akashukuru, akaipeleka nyumbani. Wifi yake aliiweka chini ya mguu wa mashine ya kufulia, sakafu ya chini iko mteremko.

Sasa ana miaka sabini na mbili. Kila Jumanne ya pili ya mwezi anapanda zile ngazi za zimamoto, anapumzika katikati, anaketi safu ya mbele na mkataba wa kampuni mpya mapajani, kurasa hamsini na sita. Jumanne iliyopita alimwuliza mwenyekiti wa sasa, kijana msomi wa chuo kikuu, ukurasa wa ishirini na tisa unasema nini kuhusu muda wa kurekebisha waya ulioanguka.

Kijana akafungua faili, akapekua, akageuza, akapekua tena.

"Nitakujibu mwezi ujao, Bi Leona."

"Sawa, mwanangu," alisema, akaandika tarehe.